Mstari wa listi usikate hela ya mama wa watu

Msimu uliopita wa zabibu nilipigiwa simu usiku na katibu wa kikundi kimoja cha wakulima huku Dodoma upande wa Hombolo, kikundi ambacho nilikitengenezea programu ya simu ya kuandikia mizigo na malipo, akaniambia kesho njoo mwenyewe, huku kumechafuka. Mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, kafungua simu yake kaangalia listi ya malipo, jina lake lipo, na mbele ya jina kakuta 1,250,00. Akasoma laki moja na elfu ishirini na tano, wakati yeye alikuwa anategemea milioni moja na laki mbili na nusu. Akasimama mbele ya wenzake chini ya mti akasema zabibu zangu zimeliwa, na mhazini usiku ule akalala anaitwa mwizi.

Hela haikuliwa. Sifuri ya mwisho ilikuwa imekatwa.

Nilipofika nikamwamkia mama, shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu ila uso haukuwa wa marahaba, akanipa simu yake niangalie. Nikaona mara moja. Alikuwa ameongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya simu kwa sababu macho yamechoka, na mi kwenye msimbo, yaani maandishi yanayoendesha programu, nilikuwa nimeipa kolamu ya hela upana wa pikseli 82 (vile vipimo vidogo vya kioo) halafu nikaamuru kinachozidi kifichwe. Kwenye simu yangu 1,250,000 inachukua kama pikseli 71 hivi kwa maandishi ya saizi 16, inaenea na nafasi inabaki, kwa hiyo nilivyojaribu nikaona safi. Ukikuza maandishi mara 1.3 ile namba inakuwa pikseli 92, zile 10 zilizozidi ndo sifuri yenyewe, imeondoka bila hata kuacha nukta tatu za kuonyesha kwamba kuna kitu kimekatwa. Nilimwomba mama msamaha, nikamwomba na mhazini msamaha mbele ya watu walewale, na njia nzima kurudi mjini nilikuwa nawaza kwamba sisi tunaotengeneza hivi vitu tunaita haya matatizo "madogo ya muonekano", wakati mtu mzima kaitwa mwizi kwa pikseli 10.

Kwa hiyo hii ndo hoja yangu na naisema kwa moyo wote. Kwenye listi yoyote yenye hela, hela inapimwa kwanza, inapewa nafasi yake yote inayoitaka, vingine vinagawana kinachobaki. Ni kama kupakia gari la mzigo mnadani, unaanza na magunia, vikapu vinatafutiwa upenyo baadaye. Sasa wengi tunafanya kinyume, tunachora kwanza picha nzuri ya mduara, jina, kialama cha hali ya malipo, halafu namba inasukumwa pembeni ijibane itakavyojua.

Na uzuri ni kwamba vifaa vyenyewe vinaruhusu hii kitu kabisa. Mi natumia Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu, na Flutter ukiweka vitu kwenye Row, yaani vikae kando kwa kando, inawapima kwanza wale ambao hawajawekwa ndani ya Expanded, boksi la kuchukua nafasi iliyobaki, inawauliza mnataka upana gani, wakishajibu ndo kilichobaki anapewa aliyeko kwenye Expanded. Yaani ukiliweka jina kwenye Expanded na hela ukaiacha huru bila kuipangia upana, umemaliza, hela haikatwi na jina linashuka mstari wa pili likiwa refu. Ukifanya kinyume, jina likawa huru na ni refu, unapata ile milia ya njano na nyeusi pembeni, ya kukuonya kwamba kitu kimezidi nafasi, ambayo kila aliyegusa Flutter anaijua. Ile milia inatokea kwako wewe mtengenezaji wakati wa majaribio tu, kwa mteja haitokei, kwake kitu kinakatwa kimyakimya.

Hebu tupige hesabu pamoja maana hapa ndo pana utamu. Simu nyingi za Android zinazotumika huku kwetu kioo chake kina upana wa pikseli 360 za kupangia. Toa 16 kila upande kwa ajili ya pumzi, inabaki 328. Toa picha ya mduara 40 na nafasi 16 baada yake, inabaki 272. Toa 12 za kutenganisha jina na hela, toa 71 za hela, jina limebakiwa na 189, ambazo ni herufi kama 23. Majina matatu ya Mtanzania yanafika herufi 30 bila shida. Sasa mama akuze maandishi mara mbili, hela inataka 142, jina linabaki na 118, na kila herufi imenenepa, kwa hiyo unapata herufi 7. Mwanahamisi peke yake ana 11. Na hii siyo hesabu ya kufikirika, Android 14 iliyotoka 2023 inamruhusu mtu kukuza maandishi mpaka asilimia 200, na watu wanaitumia kwa sababu wanaihitaji.

Ukiona hesabu inakataa hivyo usianze kupunguza maandishi ya mtu. Huyo mtu ameomba makubwa, wewe ni nani wa kumrudisha. Mi nilichofanya nimeitupa ile picha ya mduara (wanachama 46, wote wanajuana, picha ya nini), jina nikalipatia mstari wake mzima juu, hela ikashuka chini yake upande wa kulia, nene, na urefu wa mstari sikuupangia namba yoyote, nimepanga kima cha chini tu, 56, basi, maandishi yakiongezeka nao unaongezeka.

Kuna kijana nafanya naye kazi hapa Nzuguni hakuipenda kabisa. Akaniambia kaka, listi imekuwa kama meno ya msumeno, mwingine mstari mfupi, mwingine mrefu. Nikamwelewa kwa upande mmoja, na ana hoja ya kiufundi pia, maana listi ambayo kila mstari una urefu uleule programu haihangaiki kupima, inajua mstari wa 900 uko wapi kwa kuzidisha tu, na kuskroli kunakuwa kwepesi. Kama una rekodi elfu kumi hilo lipime vizuri. Ila kwa kikundi cha watu 46, au hata 400, simu ya kawaida haisikii chochote, na mistari kupishana urefu hakujawahi kumfanya mtu aitwe mwizi. Alichokuwa anakosea yeye ni kingine, alipoweka listi ndani ya Column, yaani vitu vipangwe juu kwenda chini, ikagoma kwa sababu Column haimpi mtoto wake kikomo cha urefu, akaenda akaongeza shrinkWrap, amri ya kuiambia listi iwe na urefu wa vitu vyake vyote, kila mahali mpaka makosa yakaacha kutokea. Makosa yaliisha kweli lakini listi sasa inapima wote hata wasioonekana kwenye kioo, na simu za bei ndogo zinaanza kukwama. Dawa ilikuwa Expanded moja tu, mpe listi kikomo, iskroli yenyewe ndani ya kikomo.

Kitu kingine ambacho nadhani hatukisemi vya kutosha ni lugha. Vitufe na vialama vingi tunavyovikopa vimechorwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza, neno la herufi 7 linakaa kwenye kiduara chake vizuri, halafu sisi tunakuja na "Haijathibitishwa", herufi 16, neno moja, halina hata pa kukatika. Linatoboa kiduara, linasukuma hela, linashuka likiwa limepasuliwa katikati. Nilihangaika na hilo neno jioni nzima, nikapunguza fonti, nikapunguza nafasi za pembeni, nikajaribu kuligawa. Halafu mke wangu akapita nyuma yangu akauliza mbona usiandike "Bado". Herufi 4! Na ndo neno ambalo wale wakulima wenyewe wanalitumia, ukimuuliza mtu umelipwa anakujibu bado, hajawahi mtu kunijibu haijathibitishwa. Tangu siku hiyo kabla sijagusa upana wa kitu naangalia kwanza neno, mara nyingi neno ndo kosa.

Sasa tuje kwenye ripoti maana huko ndo nililia zaidi.

Mwisho wa msimu katibu anatoa ripoti ya wote, jina, kilo, daraja la zabibu, bei, makato, malipo, baki, inabandikwa ukutani kwenye banda la kupimia. Hii niliitengeneza kama ukurasa wa wavuti, kwenye kompyuta inavutia. Katibu akaja nayo mjini kuprinti, stesheneri moja karibu na soko la Majengo, akanipigia, karatasi imetoka moja tu, ina watu 19, na kolamu ya baki haipo. Nikaenda kwa bodaboda nikamkuta kakaa kwenye benchi na rula na peni nyekundu anachora kolamu ya baki kwa mkono. Mtu wa watu, hajanigombeza hata.

Makosa yalikuwa mawili na yote yanatoka sehemu moja, nilisahau kwamba karatasi haiskroli. Jedwali lilikuwa pana kuliko kioo nikalifungia ndani ya boksi linaloskroli kwenda pembeni, kwenye kompyuta unavuta unaona baki, kwenye karatasi nani atavuta? Kilichoko nje ya boksi kimebaki nje. Na ukurasa mzima nilikuwa nimeupa urefu wa kioo kimoja kamili, msimbo unaandika 100vh, na kinachozidi kifichwe ili kichwa cha juu kisitembee, kwa hiyo printa ikachapa kioo kimoja ikaamini kazi imeisha. Wengi mnaoulizia kwa nini ripoti inatoa ukurasa wa kwanza tu, kaangalieni hapo kabla ya kununua printa nyingine.

Kwenye mtindo wa kuprinti zile amri zote mbili zifutwe, urefu urudi kuwa auto, kufichwa kuondoke. Jedwali liwe jedwali kweli, table yenye thead (sehemu ya vichwa), usilijenge kwa div tupu, yale maboksi ya kawaida, maana thead ndo inayorudia vichwa vya kolamu kila ukurasa mpya, na mtu anayesoma ukurasa wa nne anahitaji kujua ile namba ni makato au ni baki. Mistari ipewe break-inside: avoid, amri ya kuzuia kukatika, ili mtu asikatwe kiuno, jina ukurasa huu hela ukurasa ule. Namba zote zipangwe kulia na zitumie tarakimu zenye upana sawa, CSS, lugha ya kupangia muonekano wa kurasa za wavuti, inaita tabular-nums, elfu ikae chini ya elfu, mzee akipitisha kidole kutoka juu mpaka chini asiteleze. Na kama umepanga kwa flex, mpangilio wa CSS wa kuweka vitu kando kwa kando, na neno refu linagoma kujikunja, weka min-width: 0, kwa sababu kwa kawaida kitu kilichoko kwenye flex kinakataa kusinyaa chini ya neno lake refu kuliko yote.

Halafu saizi ya karatasi yenyewe. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Kuna vifaa vya kutengenezea PDF ambavyo usipoviambia kitu vinachukua Letter, karatasi ya Marekani, ambayo ni pana kidogo kuliko A4 na fupi kwa karibu milimita 18, kwa hiyo ukifika stesheneri printa inaisukuma ikae, inasinyaza kila kitu au inakula ukingo. Andika A4 waziwazi kwenye msimbo. Usimwachie kijana wa stesheneri akuamulie, yule ana foleni ya vyeti vya kuzaliwa na barua za maombi ya kazi.

Nikadhani nimemaliza. Nikapeleka ripoti mpya, kurasa mbili, safi, baki ipo, vichwa vipo, mama yule yule akaikagua mstari wake akatikisa kichwa kukubali. Halafu mhazini akatoa kidau cha wino wa zambarau kwa ajili ya watu kuweka dole gumba mbele ya jina, kuthibitisha wamepokea. Mistari yangu ilikuwa milimita 8. Gumba la mkulima aliyeshika jembe miaka thelathini halikai kwenye milimita 8, la kwanza likafunika watu watatu.

Tukaipima pale pale kwa ile rula ya katibu. Milimita 22 kwenda juu, 30 kwenda pembeni. Ukiilaza A4 unapata mistari 7 kwa ukurasa, ukiisimamisha unapata 11, ila ikisimama upana hautoshi kolamu zote, kwa hiyo tukajadiliana na wenyewe waliokuwepo kolamu gani iondoke. Wakasema bei, maana bei ni moja kwa wote wa daraja lile, iandikwe juu mara moja inatosha. Usiku nikabadilisha, asubuhi katibu akaprinti kurasa 5, na ule wa mwisho ulikuwa na watu wawili tu, mmoja wao mama.