Harufu, Kanga na Chumba cha Kupanga

Kila msimu wa mitihani ukikaribia, mabishano yaleyale hurudi mitaani. Kuna wanaosema: chagua harufu moja, wimbo mmoja au hata nguo moja, uitumie pale tu unapofanya kazi inayotaka utulivu, na baada ya muda akili itatulia yenyewe ikikutana na kitu hicho. Wengine, ambao hapa Dar es Salaam ndio wengi, wanauita huo utoto. Mwenye nidhamu anakaa anasoma hata jirani akifungulia singeli, na anayengoja ubani ufuke ndipo afungue daftari anatafuta kisingizio. Wapo pia wanaotupia na neno ushirikina.

La ushirikina tulimalize upesi. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wake wakidondosha mate kwa kusikia tu sauti waliyozoea kuisikia kabla ya kulishwa. Hapo hakuna jini. Muuza kahawa wa Kariakoo naye anaijua kanuni hiyo bila maabara: akigonganisha vikombe vyake huko kona, wazee wa kijiweni wanasogezeana nafasi kwenye benchi na dele lenyewe bado halijaonekana.

Hoja ya nidhamu ndiyo nzito. Tatizo lake ni kwamba inamchukulia kila mtu kama mwenye nafasi. Mwaka 1972 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, aliwapa wanaokosa usingizi ushauri ambao madaktari wanautumia hadi leo: kitanda kiwe cha kulala, usilie chakula hapo, usifanyie kazi hapo, na usingizi ukigoma inuka uende chumba kingine. Ushauri mzuri. Sasa upeleke Tandale, kwa familia iliyopanga chumba kimoja. Kitanda ndicho kochi, ndicho meza ya kupigia pasi, ndipo mtoto anapofanyia kazi za shule. Hicho chumba kingine kina mpangaji mwenzako na familia yake.

Jirani yangu mmoja, fundi cherehani, ana dawa yake. Asubuhi akishatandika shuka, juu yake anatandaza kanga kuukuu ya kijani iliyopauka pindo, na kuanzia hapo kitanda ni meza ya kukatia vitambaa. Chaki, futi, mkasi, vyote juu ya kanga. Magharibi anaikunja, anaiweka juu ya kabati, anafuta chaki iliyodondoka, kisha anatia asumini kidogo chini ya mto. Wanawe wameshaelewa: kanga ikiwa imetandazwa hakuna kujilaza, ikikunjwa hakuna kelele. Hakufundishwa na mtu. Kwa kuwa hana pesa ya kujenga ukuta wa tofali, amejenga ukuta wa saa. Anayemwambia mama huyu kwamba anahitaji nidhamu na si kanga, amwonyeshe kwanza nidhamu inayozidi hiyo.

Na kama bado mtu anadhani mahali na harufu ni vitu vya nje visivyoweza kugusa mwili, kuna jaribio la mwaka 1982 ambalo mimi haliniishi kichwani. Mwanasaikolojia Shepard Siegel na wenzake walizoesha panya heroini, wakiongeza kipimo taratibu kwa siku kadhaa, daima katika chumba kimoja. Mwishowe wakawapiga dozi kubwa. Waliopigwa katika chumba walichozoea kupewa dawa, walikufa takriban asilimia 32. Waliopigwa katika chumba kingine, asilimia 64. Dawa ileile, kipimo kilekile. Kilichobadilika ni chumba, na vifo vikawa mara mbili. Maelezo ya Siegel ni kwamba mwili ukiona dalili za mahali pa dawa hujikinga mapema. Dalili zisipokuwapo, dozi inaukuta haujajiandaa. Panya hana nidhamu wala uzembe, wala hajasikia semina yoyote.

Hapa jijini tunalijua jambo hili vizuri, ila tunalijua kwa upande wa ubaya tu. Tangu Muhimbili ifungue kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini ili waiache, mwaka 2011, imekuwa kawaida kusikia aliyeacha unga akiambiwa asipite tena maskani yake ya zamani. Kichochoro kile, sura zile, hata moshi wa pale, vinatosha kumwamshia hamu. Hatumwambii apite tu mradi awe na nidhamu. Mbona basi tunakubali kijiwe kinaweza kumrudisha mtu kwenye unga, tunakataa kwamba asumini inaweza kumrudisha mtu kwenye usingizi?

Wapinzani watajibu kwamba kijiwe kilifungamana na dawa kali, ilhali asumini haina kitu ndani yake. Kweli kabisa, na hapo ndipo wauzaji wa mafuta ya "kuongeza umakini" wanapowapotosha watu. Harufu hukumbusha utulivu ambao tayari mtu aliupata mahali pengine, mara nyingi, harufu ikiwapo. Ukifukiza ubani huku unagombana na mwenye nyumba kuhusu bili ya umeme, utakuwa na ubani wa kugombana.

Lipo pia la utegemezi: kwamba aliyezoea kusoma kwa ubani atashindwa kukumbuka pasipo ubani. Mwaka 1975 wanasaikolojia Godden na Baddeley waliwafundisha wapiga mbizi 18 orodha za maneno, mengine nchi kavu na mengine chini ya maji, na kila orodha ilikumbukwa zaidi pale ilipojifunziwa. Basi msomaji wa ubani afanyeje kwenye chumba cha mtihani? Jaribio hilo lilirudiwa na matokeo yakatangazwa mwaka 2021, tofauti ile haikuonekana, kwa hiyo tusiogope kupita kiasi. La muhimu zaidi ni jaribio la mwanasaikolojia Steven Smith, 1979: waliojaribiwa katika chumba kigeni, lakini wakaambiwa kwanza wakikumbuke chumba walichosomea, walifanya karibu sawa na waliorudishwa kulekule. Mtahiniwa anaweza kufumba macho akaikumbuka harufu ya chumba chake. Tone la mafuta ya harufu hiyo kwenye leso nalo si kosa.

Ninapokubaliana na wapinzani moja kwa moja ni kwenye moshi. Chumba kisicho na dirisha la maana, chenye mtoto wa pumu, si cha kufukizwa udi kila usiku. Kanga haitoi moshi. Na baa inayopiga muziki hadi saa nane usiku nyuma ya nyumba za watu haitibiwi kwa asumini. Hiyo ni ya kupeleka serikali ya mtaa, na wakikaa kimya, NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira.