Nilikuwa na Kaptura

Kwanza kabisa, nilikuwa na kaptura. Naanza na hilo kwa sababu tangu juzi simu yangu haipumui, na kuna binamu ameniuliza kwa upole kama ni kweli upande wa baba "hutoka usiku". Hiyo stori mliyosoma kwenye status ya rafiki yangu (simtaji, anajijua, na bado ana chenji yangu), kwamba mimi ni mkimbiaji wa usiku niliyekamatwa uchi mlangoni kwa Kukhu, bibi mzee wa ploti yetu, ina ukweli wake. Majivu yalikuwepo. Kioo kilikuwepo. Kukhu alikuwepo. Uchi haukuwepo. Kaptura ni ya kaki, imepauka, na chini ya taa ya ploti inaweza kudanganya jicho la mtu aliyetoka usingizini. Lakini ina mifuko! Ina hata zipu!

Wacha nisimulie mwenyewe kabla haijamfikia mama.

Mwalimu wetu wa sanaa ya video alitupa kazi: chukua kazi moja ya zamani, zile zinazotajwa katika kila kitabu, uirudie kwa vifaa ulivyo navyo, kisha uandike umeona nini na ni wapi haikuridhishi. Wenzangu walijipanga vizuri. Mmoja alichukua ya Martha Rosler ya 1975, ile ya jikoni, ambapo mwanamke aliyevaa aproni anaonyesha vyombo vya kupikia kwa mpangilio wa alfabeti, uso mkavu, mikono imejaa hasira. Inakwisha kwa dakika sita hivi. Alirekodia jikoni kwao Chavakali, na alipofika kwenye kisu mama yake akamvuta pembeni kumuuliza ni kijana gani amemuudhi. Mwingine alichukua ya John Baldessari ya 1972, anayeufundisha mmea alfabeti: unauonyesha kadi ya herufi, unaitamka, unaitamka tena, mmea unanyamaza. Yeye alitumia sukuma wiki. Mwanafunzi akaliwa na mbuzi kabla ya kufika M.

Mimi nikamchagua Bruce Nauman. Kama hamumjui, ni hivi: majira ya baridi ya 1967 kuingia 1968, huko California, kijana wa miaka ishirini na sita hivi ana studio lakini hana cha kuweka ndani yake. Akawaza, mimi ni msanii, hapa ni studioni, basi lolote nitakalofanya humu ni sanaa. Akabandika mraba wa utepe sakafuni na kuanza kuuzunguka. Si kutembea kwa kawaida. Anaweka mguu mmoja mbele ya mwingine palepale kwenye mstari, polepole, kila hatua nyonga inatupwa nje mpaka mwisho wake, mbele na kinyumenyume. Dakika kumi, nyeusi na nyeupe, hakuna sauti. Kuna kioo kimeegemezwa kwenye ukuta wa nyuma, kwa hiyo hata akitoka kwenye picha unampata kidogo ndani ya kioo. (Wajuaji, tulieni. Najua ile ni filamu ya milimita 16 na si video. Video zake za saa nzima, ile ya kukanyaga sakafu kwa vishindo na nyinginezo, zilifuata baadaye kidogo. Darasani zote ziko kwenye kapu moja.)

Nikaona hii ndiyo yangu. Haihitaji waigizaji, haihitaji pesa, na ukiitazama haraka utadhani haihitaji kipaji.

Chumba changu hapa Luanda (ya Vihiga, Kenya, si ya Angola) kina kitanda, meko, jerikeni na kamba ya nguo. Nikitupa nyonga kushoto sufuria inaanguka, nikitupa kulia naingia kwenye neti. Basi nikatoka uani. Uani ni udongo, na utepe haushiki udongo. Nikachora mraba kwa unga wa ugali, kuku wa keteka, mtunza ploti, wakala pembe mbili kabla sijawasha simu. Mifugo ya huku Magharibi haina heshima na sanaa. Kwa hiyo ikabidi majivu badala ya unga, na usiku badala ya mchana, kuku wakiwa wamelala, watoto wamelala, nguo zimeanuliwa. Nawaomba mpitie hizo hatua moja moja mniambie ni ipi ambayo nyinyi hamngechukua.

Majivu nilipewa na mama wa maandazi, hakuuliza. Kioo nikaazima kwa kinyozi, aliuliza. Simu ikakaa juu ya kreti za soda. Rafiki yangu nikamweka getini, akiona mtu apige mluzi. Akasema ana njaa. Nikampa mia akanunue smoki mbili, zile soseji, pale stage ya matatu na arudi mbio. Chenji, ndugu yangu. Chenji.

Sasa nyinyi wa Mombasa na Tanga mnaosoma hapa mnahitaji kuelezwa kitu kimoja. Huku kwetu, Waluhya, Waluo, hata Wakisii, kuna watu wanaosemwa kuwa hukimbia usiku. Mluo atakwambia jajuok. Hawaibi na hawavunji. Wanatoka uchi giza likikolea, wanarusha mawe juu ya mabati, wanamwaga mchanga mlangoni, na wakitaka kukukomesha kabisa wanakugeuzia mgongo na kuugonga mlango wako kwa makalio. Kila mtoto wa hapa amewahi kulala macho wazi akisikiliza mabati. Mimi pia nimelala hivyo. Lakini usiku ule nilikuwa nawaza California.

Nikaanza saa tano na kitu. Upande wa kwanza ukaenda vizuri, wa pili vizuri zaidi, jasho likaanza kunichuruzika mgongoni. Upande wa tatu ulikuwa wa kinyumenyume. Na upande wa tatu, jinsi nilivyoupanga mraba ili taa inipige usoni, ulielekea moja kwa moja kwenye mlango wa Kukhu.

Kukhu ni mama wa mwenye ploti. Mnyore halisi, yaani Mluhya wa hapahapa, amepita sabini, analala mapema, na usiku huamka kwenda choo cha nje na tochi yake na kopo la maji.

Polepole sasa. Kisigino cha kulia kinashuka nyuma ya kushoto. Nyonga ya kulia inatoka, inatoka, ninaishikilia hapo. Majivu yanapanda katikati ya vidole, maana viatu nilikuwa nimevua, vilikuwa vinafuta mstari. Kisigino cha kushoto. Nyonga ya kushoto. Nasikia komeo. Komeo la chuma, lile linalolia kwanza ndipo linafunguka. Hapo mtu mwingine angegeuka na kusema, "Shikamoo Kukhu, ni mimi, niko na kazi ya chuo." Lakini nilikuwa nimefika dakika ya nane bila kukata, na roho ya kazi yenyewe ni kwamba haikatwi. Nikajiambia anaenda choo, atapita. Nikatupa nyonga ya kulia.

Sikumwona kwa macho. Nilimwona ndani ya kioo cha kinyozi. Mlango wazi, leso, tochi, na mbele ya hivyo vyote, kwa umbali wa hatua moja, makalio yangu yakimwendea. Yeye naye fikirieni alichoona: mgongo wa mtu, miguu mitupu imejaa majivu, mraba umechorwa mbele ya mlango wake, na kule mbali, kwenye ukuta, uso wa mtu huyohuyo ukimkodolea macho.

Hakupiga kelele, jamani. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alinyamaza. Mwanga wa tochi ukaanzia kisogoni, ukashuka mgongoni, ukafika kwenye kaptura ukasimama hapo kwanza. (Kwa hiyo kaptura aliiona! Ana ushahidi! Muulizeni!) Ukashuka mpaka kwenye visigino, ukapanda tena. Mimi mguu mmoja hewani, nyonga nje, siwezi kuirudisha na siwezi kuiacha. Kisha akasema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyengoja jambo hili tangu ujana wake:

"Leo nimekupata."

Nikamwagiwa kopo zima la maji mgongoni. Ndipo ukemi ukapigwa.

Ploti nzima ilitoka. Tochi, rungu, jamaa mmoja na mwiko wenye ugali, na panga moja. Mnacheka, lakini panga niliiona, na magoti yakaacha sanaa hapohapo.

"Kukhu, ni mimi! Wa chumba cha tatu!"

"Nimejua ni wewe. Ndiyo maana kodi unachelewesha."

"Mimi ni mwanafunzi!"

Keteka akasogea. "Mwanafunzi wa nani?"

"Wa Nauman!"

Watu wakatazamana. Mzee wa mtaa, ambaye alikuwa amefika kwa kasi isiyolingana na umri wake, akauliza huyo Naumani anakaa wapi. Nikasema Marekani. Akauliza na yeye hufanya hivi. Nikasema alifanya, zamani, tena hakuwa nje, alikuwa ndani na mlango umefungwa.

"Wote huanzia ndani," akasema mzee.

Wakataka kujua hizo nyonga ni za nini. Nikajikaza nikaeleza kwamba ni mkao wa sanamu za Wagiriki wa kale, uzito wote mguu mmoja, nyonga upande. Mwenye panga akauliza hizo sanamu zimevaa nini. Nikajibu kabla sijafikiri. Hapo kesi ikarudi nyuma kabisa, na ndipo mlinzi wangu akatokea getini na smoki mbili, moja ameshaing'ata. Akauona umati, akaniona nimelowa, akatoa simu, akaanza kurekodi. Ndiyo hiyo video mliyo nayo.

Nilichosahau ni kwamba simu yangu ilikuwa bado inarekodi juu ya kreti. Mzee wa mtaa akaamua ushahidi uonekane wote, tangu mwanzo, bila kurukwa. Wakakalia kreti, jerikeni, ngazi. Nimehudhuria maonyesho ya video yenye viti vya kukodi na watu waliolala, lakini sijaona hadhira makini namna hiyo. Dakika ya tatu mzee akauliza, "Kwani inaenda wapi?" Nikamwambia haiendi, inazunguka. Akatafakari. Mwenye mwiko akasema goti langu linapinda nikigeuka kona, ningelinyoosha ingependeza, na ni kweli linapinda, la Nauman halipindi. Kukhu ndiye aliyenitoa. Alitazama mpaka dakika ya sita, akafyonza. "Mkimbiaji gani huyu? Anatembea. Tena polepole." Wakacheka, panga ikarudi ndani.

Kwenye insha nimeandika jambo moja tu, na Kukhu ndiye alinipa. Darasani tulimjadili Nauman wiki nzima: uzito wa mwili, muda, mwili uliogeuzwa kuwa kalamu. Mlango hakuna aliyeutaja. Ile nyonga inakuwa swali la umbo na muda kwa sababu hakuna jirani anayeweza kuiona akienda choo. Ukisema lolote la studioni ni sanaa, unazungumza ukiwa na studio, yenye kodi iliyolipwa na komeo upande wa ndani. Toa komeo, mwendo uleule ni kesi ya mzee wa mtaa. Nauman alijizungusha mle ndani hakuna aliyemuuliza ni wa ukoo gani. Mimi mraba haujaisha nimeshaulizwa mpaka nguo za Wagiriki. Nampenda bado. Lakini sasa kila nikiitazama filamu yake namtafuta jirani kwenye kile kioo, na hayupo, na naona kama kuna kitu kimekatwa.

Mengine ni mafupi. Majivu nilifagia usiku uleule nikimulikwa. Kinyozi alikichukua kioo chake akakiosha kwa maji ya chumvi. Mwenye ploti alipiga simu, nikasema "ndiyo baba" mpaka salio lake likaisha. Chuoni ikaonyeshwa kwa projekta, na sehemu yangu hakuna aliyeijali. Wote walipiga makofi Kukhu alipotokea kwenye kioo na tochi. Mwalimu akasema ndiyo picha bora ya muhula, halafu akauliza kama mama huyo ameridhia kuonyeshwa.

Kwa hiyo jana nimeenda kumwomba ruhusa, na kilo ya sukari na majani ya chai mkononi. Nikamwekea simu mbele. Akajitazama akitoka mlangoni, akaniambia nirudishe nyuma, akajitazama tena. Hakuridhia. Hana kitambaa kichwani, na leso ile ni ya kulalia. Watu wa chuo watamfikiriaje?

Anataka turudie. Jumamosi, saa kumi jioni, jua likiwaka. Leso ameshachagua, na majivu atayachota mwenyewe kwenye jiko lake, maana yangu, anasema, yalikuwa na mkaa.