Je, Lust, Caution inamtukuza kibaraka?

Ugomvi wote kuhusu filamu hii umezuka kwa sababu ya sekunde chache ndani ya duka la vito. Ni Shanghai, mwaka 1942, na mji uko mikononi mwa Wajapani. Wong Chia Chi, binti anayewafanyia ujasusi wazalendo wa Kichina, amemvuta hadi dukani Bwana Yee, mkuu wa usalama wa serikali ya vibaraka, ili wenzake wanaovizia nje wammalize. Mhindi mwenye duka anatoa pete ya almasi, jiwe la karati sita. Binti anaivaa kidoleni, kisha anataka kuivua: kitu cha thamani namna ile hawezi kukivaa barabarani. Yee anamwambia asihofu, yuko naye. Ndipo binti anapomnong'oneza: nenda, nenda upesi. Yule bwana anatoka mbio, anajitupa ndani ya gari lake na kutoweka. Usiku huohuo anatia saini, na binti na wenzake wote wanapelekwa machimbo ya mawe kuuawa.

Hiyo ndiyo Lust, Caution, filamu ya Ang Lee iliyotoka 2007 na kuondoka na Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice. Imetokana na hadithi fupi ya Eileen Chang, mwandishi wa Shanghai, aliyeanza kuiandika miaka ya 1950 na kuitoa mwishoni mwa miaka ya 1970. Tangu siku ya kwanza watu wamegawanyika. Wapo wanaosema ni usaliti uliopambwa kwa hariri na manukato. Wapo wanaosema ndiyo filamu ya vita iliyosema kweli kuliko nyingi zilizojaa bendera na mizinga.

Wanaoishtaki si wa kupuuzwa. Serikali iliyoundwa Nanjing mwaka 1940 chini ya Wang Jingwei, mwanasiasa wa Kichina aliyejiunga na Wajapani, ilikaa kwa nguvu ya bunduki za Wajapani, katika mji uleule ambao jeshi la Japani lilikuwa limewachinja raia kwa maelfu kuanzia Desemba 1937. Kule Shanghai, polisi wake wa siri walikuwa na jengo namba 76 kwenye barabara ya Jessfield, na watu wa mjini walijua kinachofanyika humo. Yee ni mtu wa kazi ya namna hiyo. Ndani ya filamu anamweleza binti kwamba amechelewa kwa sababu damu ya mfungwa ilimrukia viatuni ikabidi aifute kwanza. Sasa mtu kama huyo umpe uso wa mwigizaji Tony Leung, macho yale ya huzuni, na mapenzi ya kumtikisa mwanamke hadi asahau kilichomleta! Mzee aliyezika ndugu zake miaka ile ana haki ya kukasirika.

Kuna na jambo zito zaidi. Mwaka 1939 Shanghai ilikuwa na Zheng Pingru, binti wa baba Mchina na mama Mjapani, aliyefanya kazi na ujasusi wa Kuomintang, chama tawala cha China kilichokuwa kikipigana na Wajapani. Alijenga ukaribu na Ding Mocun, mkubwa wa polisi hao wa siri, na mwezi Desemba akamwingiza kwenye duka la makoti ya manyoya lililoitwa la Siberia, ambako wauaji walikuwa wamejipanga. Ding alishtukia mtego akatoka mbio hadi garini. Zheng alikamatwa, akauawa Februari 1940, akiwa na miaka ishirini na ushee tu. Ding mwenyewe alihukumiwa kwa uhaini baada ya vita, akauawa mwaka 1947. Wasomaji wengi wanaamini Chang aliichota hadithi yake hapo, na mfanano wenyewe haufichiki. Tofauti ni moja, nayo inauma: kwenye kisa cha kweli si mwanamke aliyemponyosha windo. Filamu ilipotoka, dada yake Zheng aliyekuwa akiishi Marekani alijitokeza hadharani kulalamika kwamba jina la marehemu linapakwa matope.

Kisheria Chang na Lee hawana kosa, maana jina la Zheng halitajwi popote, na mwandishi ana ruhusa ya kuchukua tukio akaligeuza. Lakini familia haikuwa inazungumzia sheria. Mtu aliyekufa bila kufungua mdomo, ukimpa pacha wa kubuni anayefungua mdomo dakika ya mwisho, umma utamkumbuka pacha. Hoja hiyo naiheshimu kuliko kelele zote zilizopigwa kuhusu matukio ya kitandani na maadili.

Hoja inayonichosha ni ile ya kumsomea Chang ndoa yake. Ni kweli aliolewa mwaka 1944 na Hu Lancheng, aliyewahi kushika wadhifa wa uenezi katika serikali ya Wang Jingwei, na kwa hiyo husemwa kwamba hadithi nzima ni njia ya kumsafisha mume. Waliachana 1947, baada ya Hu kumtesa kwa wanawake wengine. Na ukiisoma hadithi yenyewe, Yee hasafishwi hata kidogo. Chang anamwacha ajipongeze kwamba mwanamke yule alimpenda, na sasa amekufa ni wake milele, kama mzimu wa aliyeliwa na chui milia unavyobaki kumtumikia chui huyohuyo. Mke anayemtetea mumewe haandiki hivyo.

Tuje upande wa utetezi, nao nguvu yake iko mahali ambapo washtaki hawapatazami sana: kwa wale waliomtuma binti. Kisa kinaanzia Hong Kong mwaka 1938, kwa wanafunzi sita wa kikundi cha maigizo. Wamecheza tamthilia ya kizalendo, ukumbi umelipuka kwa shangwe, nao wakalewa makofi. Kiongozi wao Kuang anapendekeza wamuue kibaraka kweli. Wong apewe jina la Bi Mak, mke wa mfanyabiashara, akacheze mahjong, mchezo wa vigae wa Kichina, na mke wa Yee. Kisha wanagundua kasoro: mke wa mtu hawezi kuwa bikira. Wanajadiliana bila yeye, na aliyeteuliwa kulala naye ni kijana pekee mwenye uzoefu, uzoefu wenyewe wa madanguro. Hakuna Mjapani chumbani mle. Ni wenzake. Halafu Yee anahamia Shanghai ghafla na mpango unakufa, binti amekwisha kulipa bure.

Miaka inapita, ujasusi wa Kuomintang unamtafuta tena. Safari hii anafika kitandani kwa Yee kweli, na mara ya kwanza ni ukatili mtupu. Kuna siku anamweleza mzee Wu, anayeendesha operesheni, mambo yanavyokwenda: kwamba mtu yule anaingia kama nyoka, hatafuti mwili tu bali moyo, na yeye lazima aigize kwa ukweli kiasi kwamba hajui tena mpaka uko wapi. Anaendelea kusema, sauti haitetemeki. Mzee anampigia kelele anyamaze na kutoka nje, kwa kuwa anataka matokeo bila kusikia bei. Kuang yuko pale, kimya. Baadaye Kuang anambusu, naye anamuuliza kwa nini hakufanya hivyo miaka mitatu iliyopita. Kwangu swali hilo ndilo kitovu cha filamu. Katika maisha yake yote ya ujasusi, mtu wa kwanza kumwambia "niko nawe" alikuwa adui. Anayesema binti aliuza nchi kwa almasi hakuangalia kilichotangulia.

Na kwa sababu hiyo, toleo lililoonyeshwa China bara, ambalo Lee mwenyewe alilipunguza kwa takriban dakika saba, lilikuwa na walakini. Dakika hizo za kitandani zina mabadiliko ya nani anamtawala nani, nani anaanza kulegea. Ukiziondoa, pale dukani binti anaonekana kweli kama mtu aliyerubuniwa na kito. Waliotaka kuzuia filamu isimsifu msaliti waliishia kumfanya mwanamke aonekane msaliti zaidi.

Adhabu nayo ilimfuata mwanamke. Machi 2008 mamlaka ya redio, filamu na televisheni ya China iliagiza Tang Wei, mwigizaji wa Wong, asionekane kwenye vyombo vya habari, na tangazo lake la vipodozi vya Pond's likaondolewa hewani. Filamu ilikuwa ya Ang Lee. Aliyemvika kibaraka utu ni Tony Leung. Mwaka huohuo Leung alikuwa kwenye mabango ya filamu ya Red Cliff nchi nzima. Kama kosa lilikuwa kumtukuza kibaraka, sijui ni hesabu gani iliyomkuta na hatia binti mgeni kwenye kazi, akicheza filamu yake ya kwanza kubwa.

Pamoja na hayo, pana mahali Lee alipoteleza, na si kitandani. Chang alimaliza na mwanamume baridi anayeridhika na windo lake. Lee anamrudisha Yee kwenye chumba cha marehemu, anamketisha kitandani, saa ya kuuawa kwao inapiga na macho yake yanajaa machozi. Vijana sita tunawaona wamepigishwa magoti ukingoni mwa machimbo, Kuang na Wong wanatazamana, na kamera haikai nao. Hawapewi hata neno. Muda wa kuomboleza kapewa aliyetia saini. Hapo wanaosema filamu imemwonea huruma kibaraka wanakuwa na hoja, na mimi ninayeipenda filamu hii sina jibu la kuwapa.