Siku 30 Huhesabika Hata Ukiwa Umekaa Kimya

Mtu anayeishi Arusha anaweza kudhani kwamba mji huu una sheria ya kutosha kugawia bara zima, na kwa kiasi fulani hatakuwa amekosea. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapa, Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapa, na hadi mwaka 2015 kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda zilikuwa zikisikilizwa hapa hapa, katika majengo ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha. Pamoja na hayo yote, mhudumu wa loji, mpagazi wa mlimani au muuza duka wa Kilombero anapoonewa, swali lake la kwanza huwa ni lile lile: "Hivi mimi nina haki hapa?" Kwa maoni yangu, hilo lingepaswa kuwa swali la pili. Mara nyingi haki ipo na imeandikwa vizuri tu. Kinachomponyoka mtu ni siku. La kuuliza kwanza ni kwamba nina muda gani, na naanzia mlango upi.

Tuchukue ajira, kwa kuwa ndiyo inayowaumiza wengi katika mji unaoishi kwa utalii. Masika yakiingia, watalii hupungua, vyumba hubaki vitupu, na loji huanza kupunguza watu. Kijana mmoja wa jirani hapa Sakina, aliyekuwa mhudumu wa loji kwa miaka kadhaa, aliitwa ofisini mwezi wa nne akaambiwa kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, hali unaiona mwenyewe. Pumzika kwanza, msimu ukifunguka tutakupigia." Akapewa bahasha yenye nusu mshahara pamoja na karatasi ya kusaini. Karatasi hiyo nimeiona. Ina mistari minne tu, na wa mwisho unasema kwamba amepokea stahiki zake zote na hana dai lolote dhidi ya mwajiri. Sahihi yake iko chini kwa wino wa bluu, na tarehe imejazwa kwa wino mweusi, kwa mwandiko ambao si wake. Mwezi wa sita wageni walianza kumiminika, simu haikuita, na alipokwenda mwenyewe aliishia getini, ambako mlinzi alimwambia kwamba nafasi yake ilishapata mtu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kijana huyu hakuwa mnyonge hata kidogo. Mfanyakazi aliyetimiza miezi 6 kazini analindwa dhidi ya kuachishwa bila sababu ya haki na bila kufuata utaratibu. Hata pale biashara inapokuwa mbaya kweli, mwajiri anayetaka kupunguza watu anatakiwa kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana nao kwanza. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Aliyefanya kazi mwaka mzima au zaidi ana kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, kwa kiwango cha juu cha miaka 10, isipokuwa kama ameachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu, na juu ya hayo yote anastahili cheti cha utumishi. Hata kukosa mkataba wa maandishi, jambo ambalo huwafanya wengi wakate tamaa kabla hawajaanza, hakuui dai, kwa sababu kuandika masharti ya ajira ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuyaonyesha mbele ya chombo cha sheria, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye.

Sasa njoo kwenye kalenda. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wameizoea kwa jina la CMA na ambayo ina ofisi Arusha na Moshi, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ya kikazi, kama mishahara iliyolimbikizwa, ina siku 60. Hakuna kinachosubiri msimu ufunguke. Anayechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, lakini atatakiwa kueleza amechelewa kwa kiasi gani, kwa sababu gani, na dai lake lina uzito gani, na mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba kila siku ya ucheleweshaji itolewe maelezo na kwamba kutoijua sheria si sababu ya kutosha. Ni msimamo mgumu, hasa kwa mtu ambaye sheria yenyewe iliandikwa kwa lugha asiyoisoma. Marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama yalikuja mwaka 2021 tu.

Ninachotaka kisemwe wazi ni kwamba kijana yule hakuchelewa kwa uzembe. Alichelewa kwa uungwana. Aliombwa asubiri, akasubiri, kwa kuwa katika malezi yetu mtu anayekimbilia kushitaki huonekana mgomvi, na neno "yaishe" lina heshima yake. Mimi siipingi suluhu hata kidogo. Mtaa usio na mjumbe wala mzee wa kuwapatanisha watu haukaliki. Ila mazungumzo ya pembeni, hata yakiwa ya dhati, hayasimamishi muda wa kisheria, na huo ndio msimamo wa mahakama. Anayekuambia "tutaongea" huenda anamaanisha anachosema, na huenda pia ana mwanasheria anayezihesabu siku kwa niaba yake. Unaweza kuwasilisha dai lako Tume na mazungumzo yakaendelea, kwani kazi ya kwanza ya Tume yenyewe ni kusuluhisha.

Upande wa Moshi jambo hili huonekana zaidi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga. Ndugu mmoja amekalia sehemu ya mwenzake, jambo linaletwa kwenye kikao cha ukoo mwezi wa Desemba watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi, linaahirishwa kwa sababu shangazi fulani hakupata nauli, na Desemba inayofuata linaahirishwa tena kwa sababu kuna harusi. Dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12. Ni mingi, ndiyo maana hulevya, lakini vikao 12 vya Desemba si vingi kwa ukoo unaojua kuahirisha. Ijulikane pia kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata halihukumu tena mashauri ya ardhi bali linasuluhisha tu, na siku 30 zikipita bila suluhu, mlango ulio wazi ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuhusu hizo mahakama kubwa nilizoanza nazo, nisiache mtu akajidanganya. Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa likimruhusu raia na asasi za kiraia kwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika, na uamuzi huo ulianza kutumika Novemba 2020. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa kusikitisha, hasa kwa nchi iliyo mwenyeji wa mahakama hiyo. Lakini hata kabla ya hapo, mahakama ile ilimtaka mtu awe amemaliza kwanza njia za ndani ya nchi, kwa hiyo safari ilikuwa inaanzia huku chini vilevile.

Msaada wa bure upo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao si mawakili lakini wamefunzwa kumwelekeza mtu na kumwonyesha fomu gani inajazwa wapi. Moshi wapo KWIECO, shirika linalotoa msaada wa kisheria, ambao wanawake wa Kilimanjaro wanawafahamu vizuri, na Arusha kuna ofisi ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Ukiamua kulipa wakili, jina lake likaguliwe kwanza kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, maana vishoka wenye mihuri wapo, na wao hawarudishi muda waliokupotezea.

Hata hivyo sioni haki katika kumwachia mnyonge peke yake kazi yote ya kujua. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo anapomaliza kusoma hukumu, humweleza aliyeshindwa kwamba ana haki ya kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na mwishoni mwa hukumu huandikwa kwamba haki ya rufaa imeelezwa. Mahakama haikuona kwamba kufanya hivyo ni kuchochea rufaa. Sioni kwa nini mwajiri asibanwe vivyo hivyo: kila barua ya kuachisha kazi, na kila karatasi ya "nimepokea stahiki zangu zote", iwe na mistari miwili ya Kiswahili inayotaja ofisi ya Tume iliyo karibu na siku 30 zilizopo, na isiyo na mistari hiyo isihesabiwe kuwa imeanzisha muda. Najua waajiri watasema kwamba hilo litawafundisha wafanyakazi kushitaki. Mwajiri aliyefuata utaratibu hana cha kuogopa katika mistari miwili, na aliyekuwa anategemea msimu upite ndiye hasa mistari hiyo inayomlenga.