Heliamu ya Rukwa: maabara zetu zitabakiziwa lita ngapi?

Kila mkataba wa madini unapotajwa, sisi wa Dar es Salaam huuliza mambo mawili: serikali inapata asilimia ngapi, na wazawa watapewa tenda gani. Ni maswali ya haki, na tumeyajifunza kwa gharama. Mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu na madini mengine, yalizuiwa bandarini hapa, na kwa miezi kadhaa kila kijiwe cha kahawa kikawa na mtaalamu wake wa dhahabu. Mwaka huohuo Sheria ya Madini ikarekebishwa, serikali ikajiwekea hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji. Kwa heliamu ya Rukwa mimi naongeza swali la tatu, lile la kwenye kichwa cha habari hapo juu.

Tuanze na gesi yenyewe, maana wengi wetu tunaifahamu kwa baluni za sherehe tu. Juni 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba chini ya Bonde la Ufa, upande wa Rukwa, kuna heliamu nyingi. Makadirio ya sehemu moja tu ya bonde yalikuwa futi za ujazo bilioni 54. Mwanzoni mwa 2024, kisima cha Itumbula kikaitoa hadi juu ya ardhi. Kilichowafurahisha wanajiolojia ni namna ilivyopatikana: kwa kawaida heliamu hukutwa kwa bahati, watu wakichimba mafuta au gesi asilia, lakini hii ilitafutwa kwa hoja. Miamba yetu ya kale ina urani na thori, ambazo zikioza hutoa chembe za alfa, na chembe ya alfa si kitu kingine ila kiini cha heliamu. Imejikusanya humo kwa mamilioni ya karne, kisha joto la volkano za bonde likaifungulia njia. Kwa hiyo hata kugunduliwa kwake ni kazi ya fizikia.

Thamani yake haimo kwenye baluni. Heliamu huchemka kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, na kwenye baridi ya namna hiyo hakuna kitu kingine kinachobaki kimiminika. Ndiyo maana mashine nyingi za MRI, zile za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili, huihitaji ili sumaku zake zifanye kazi. Huko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mtambo wa kugonganisha chembe wenye mzingo wa kilomita 27, ule uliothibitisha kuwapo kwa chembe ya Higgs mwaka 2012, hupozwa kwa takriban tani 120 za heliamu hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Sasa wanajadili mtambo mwingine wa kilomita 91. Upembuzi yakinifu uliotolewa Machi 2025 unakadiria gharama ya awamu ya kwanza kuwa faranga za Uswisi bilioni 15 hivi. Wanafizikia wenyewe wanabishana kama fedha hizo zina tija, na mimi simo katika ugomvi huo. Ninachojua ni kwamba ukijengwa, utahitaji baridi.

Tazama pia Nobel ya fizikia ya 2025. John Clarke, Michel Devoret na John Martinis waliipata kwa majaribio ya miaka ya themanini pale Berkeley, walipoonyesha kwamba mzunguko wa umeme unaoshikika mkononi unaweza kufuata kanuni za kwanta, zile tulizodhani ni za atomu peke yake. Kompyuta za kwanta zinazopiganiwa leo na mataifa makubwa zinatoka kwenye ukoo huo, na nyingi kati yake hufanya kazi ndani ya majokofu ya heliamu.

Gesi hii huikatisha dunia tamaa mara kwa mara. Juni 2017 Qatar ilipowekewa vikwazo na majirani zake, mitambo yake ya heliamu ilisimama kwa muda. Mwaka 2022 upungufu ulikuwa mkali kiasi kwamba hata Harvard ilibidi baadhi ya majaribio yazimwe. Naam, Harvard! Na ikivuja angani imepotea, kwa sababu mvutano wa dunia hauwezi kuizuia isitokomee.

Sasa sera. Nchi za Afrika ziliahidiana kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti, na Tanzania ni miongoni mwao. Ahadi ni ya zamani na bado tunaisimulia. Fedha nyingi za utafiti zimekuwa zikitoka kwa wafadhili, nao wana siasa zao: mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza kukata zaidi ya nusu ya bajeti ya mfuko wake mkuu wa sayansi, NSF. Kama wanaweza kujifanyia hivyo wenyewe, sisi wa kupewa tutalia na nani? COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyopo Kijitonyama, inasimamia mfuko wetu wa kuendeleza sayansi na teknolojia uitwao MTUSATE, ambao upo kisheria. Kinachokosekana ni chanzo cha fedha kisichotegemea huruma ya kila bajeti.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, sehemu ya mrabaha wa heliamu iende MTUSATE moja kwa moja, kwa kifungu cha sheria. Pili, na hili kwangu ndilo zito zaidi, mkataba utenge kiasi kidogo cha gesi yenyewe kwa maabara na hospitali za nchini, na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pawe na mtambo wa kuigeuza kimiminika na kuirejesha ikishatumika. Jaribio lililofanyika Leiden, Uholanzi, mwaka 1911, la kupoza zebaki mpaka ukinzani wake wa umeme ukatoweka, mwanafunzi wa Dar es Salaam alifanye kwa mikono yake, kwa gesi iliyotoka Rukwa.

Nitaambiwa mtambo wa aina hiyo ni ghali na hatuna mafundi. Ghali ni kweli. Kuhusu mafundi sikubali. Tayari tunayo mikoani mitambo ya kutengeneza naitrojeni kimiminika ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ya kuhifadhi mbegu za madume kwa ajili ya uhimilishaji wa ng'ombe. Vijana wanaibeba kwenye mitungi hadi vijijini, na hakuna mfugaji aliyesema tusubiri wazungu. Heliamu ni ngumu zaidi, sibishi, lakini hatuanzii sifuri.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni jingine. Mashine mpya za MRI zimeanza kutumia lita chache tu mahali palipohitaji zaidi ya elfu moja, na maabara nyingi sasa zinarudisha gesi yao. Bei inaweza kushuka siku sisi tukiwa bado kwenye semina elekezi. Ndiyo maana Wizara ya Madini na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia zingekaa meza moja mwaka huu, kabla uzalishaji mkubwa haujaanza. Wabunge wa Dar es Salaam, ambao majimbo yao yana Mlimani, Muhimbili na bandari itakayosafirisha mitungi hiyo, wana sababu zote za kuuliza lini.