Anne Hutchinson: shujaa wa dini au mchochezi?

Watu wakimuongelea Anne Hutchinson, mwanamke Mwingereza aliyeshtakiwa 1637 kwa mafundisho yake ya dini, huwa wanagawanyika, wengine wanasema shujaa wa uhuru wa dini, wengine wanasema mchochezi aliyetaka kuipasua Massachusetts, koloni changa ya Waingereza huko Amerika. Mi naona kila upande una hoja ila wote wanairuka familia yake, na bila familia kesi yake haieleweki vizuri.

Alizaliwa Alford, Lincolnshire, 1591. Baba yake Francis Marbury alikuwa kasisi na alishafungwa kwa kuwaambia maaskofu wazi kwamba wanaweka wachungaji wasiofaa, kwa hiyo binti amekulia kwenye nyumba ambayo kubishana na wakubwa wa kanisa sio jambo la ajabu. 1612 akaolewa na William Hutchinson, mfanyabiashara wa vitambaa, wakazaa watoto 15, na 1634 wakapanda meli ya Griffin kumfuata mchungaji wao John Cotton aliyekuwa ametangulia Boston.

Kule Anne alikuwa mkunga, na hapo ndo penyewe. Mkunga anaingia kila nyumba, uchungu ukichelewa anakesha na wanawake wenzake, wataongea ya mtoto mwisho wataongea ya Mungu. Baadaye wakawa wanakutana kwake kila wiki kuchambua mahubiri, walianza wanawake tu afu wanaume nao wakaja. Alichosema ni kwamba mtu anaokolewa kwa neema peke yake na wachungaji wengi wa pale wanafundisha kama vile matendo ndo yanathibitisha wokovu, yaani aliwagusa wachungaji karibu wote.

Sasa tumtendee haki na John Winthrop, gavana wa koloni. Boston ilikuwa na miaka 7 tu, 1637 wako vitani na Wapequot, wenyeji wa eneo hilo, na waumini wa Boston wanakataa kwenda vitani kwa sababu mchungaji anayeongozana na jeshi ni mmoja wa wale waliopingwa na kina Anne. Kiongozi yeyote angeogopa, na hofu yake siwezi kuibeza.

Ila kesi yenyewe ya Novemba 1637 ilikuwa mbovu jamani. Winthrop ndo gavana, ndo mwendesha mashtaka, ndo hakimu! Wakamuuliza kwa nini anafundisha, akawatolea Waraka kwa Tito kwamba wanawake wazee wawafundishe vijana. Akadai wachungaji waape kabla ya kumshuhudia, Cotton naye akamtetea, mashtaka yakaanza kuyumba. Kilichommaliza ni yeye mwenyewe kusema Mungu anamfunulia moja kwa moja na kwamba watamuona akiwaangamiza. Wakamhukumu kufukuzwa kwenye koloni, na alipouliza anafukuzwa kwa kosa gani Winthrop akamjibu asiseme zaidi, mahakama inajua na imeridhika. Hukumu ile ilikuja kufutwa na gavana Michael Dukakis 1987, miaka 350 baadaye.

Halafu kuna mume. Winthrop aliandika kwamba William ni mpole, dhaifu, anaongozwa na mkewe, na wengi bado wanarudia hivyo hivyo. Lakini kanisa lilipotuma watu Rhode Island walikohamia, William aliwaambia amefungamana zaidi na mke wake kuliko kanisa na kwamba anamuona ni mtakatifu mpendwa. Mtu aliyeacha biashara na heshima akasema hivyo mbele ya wajumbe wa kanisa, huo udhaifu uko wapi?

William alipofariki Anne akahamia eneo la Waholanzi, leo ni Bronx, New York. Mapema 1643 gavana wa Waholanzi Willem Kieft alituma askari wakaua Walenape, wenyeji wa huko, waliokimbilia Pavonia (leo ni New Jersey), wakiwemo watoto wachanga, vita ikalipuka, na baadaye mwaka huo wapiganaji wa Siwanoy, nao pia wenyeji, wakamuua Anne na watoto wake kadhaa. Wapinzani wake Massachusetts wakasema ni hukumu ya Mungu, maneno ya kikatili sana kwa watoto waliokufa kwa kosa la Kieft.

Binti yake Susanna, akiwa bado mtoto, alichukuliwa akaishi na Wasiwanoy miaka kadhaa, akarudishwa, na 1651 akaolewa na John Cole huko Boston. Wanaomsifu Anne humtaja Susanna kama mateka tu basi, ila hawasemi kwamba waliomchukua ndo walikuwa wanapoteza ardhi, na kwenye hilo Hutchinson na Winthrop wote walikuwa walowezi. Ujasiri wake mahakamani naukubali asilimia mia, ila haki aliyoidai ilikuwa ya dhamiri yake na ya Wakristo wenzake, Wasiwanoy hawakuwemo.