Nagona na lawama ya ugumu

Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya nne ndani ya miaka minane: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Zote mtu anazisoma bila mwongozo. Riwaya zikakatika kwa miaka 11, na ilipotoka Nagona mwaka 1990, ikifuatwa na Mzingile mwaka 1991, wasomaji wake wengi walipotea. Tangu hapo analaumiwa kwamba aliwaacha watu na kuwaandikia wasomi wenzake.

Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Mzaliwa huyu wa Namagondo, Ukerewe, ndiye aliyetetea mashairi huru katika diwani yake ya mashairi, Kichomi (1974), akishikilia kwamba ushairi unaweza kubebwa na lugha ya kila siku, bila vina na bila mizani 16 katika kila mstari. Leo ukimpa msomaji yuleyule kitabu ambamo msimulizi anaingia katika mji uliokufa na kukutana na akina Socrates, Marx, Freud na Nietzsche, ana haki ya kulalamika. Wanafikra hao hawatambulishwi. Asiyewafahamu kutoka kwingine anabaki na majina matupu, na kwa maoni yangu hapo ndipo Nagona inapolegea kweli.

Lakini tuangalie ugumu huo uko wapi hasa. Hauko kwenye lugha, maana sentensi ni fupi na maneno mengi ni ya kawaida. Kilichoondolewa ni vile tulivyovizoea: mahali panapotajika, wakati unaokwenda mbele, na sababu inayofunga tukio moja na jingine. Na hilo halikuanza 1990. Rosa Mistika, ambayo husifiwa kwa uhalisia wake, inamwonyesha Zakaria akimpiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Kisha mwishoni baba na binti, wote marehemu, wanasimama mbele ya Mungu wakitupiana lawama. Katika Kichwamaji, Kazimoto, kijana wa Chuo Kikuu, anauliza maana ya maisha mpaka anajiua. Uhalisia ulimfikisha mwandishi kwenye swali hilo, ukashindwa kumvusha.

Wala ile miaka 11 haikuwa mitupu. Mwaka 1985 alikamilisha udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa tasnifu iliyohoji namna fasihi ya Afrika inavyofasiriwa kwa nadharia za Magharibi. Mwaka 1988 ikatoka diwani ya Karibu Ndani. Anayeruka kutoka Gamba la Nyoka, yenye vijiji vyake vya Ujamaa, moja kwa moja hadi Nagona, lazima aone shimo.

Kosa linalowaangusha wengi ni kuisoma Nagona kama fumbo la siasa: mji huu ni nchi gani, mzee yule ni kiongozi yupi? Mbinu hiyo inafaa kwa kurasa chache, kisha inakwama kwa paa, yule mnyama anayetokea humo, kwa kuwa huwezi kumpachika maana moja ikakaa. Kosa la pili ni la darasani, sura moja kwa wiki. Mwanga, kimya na paa vinarudi mara kwa mara, na kurudi huko ndiko kunakokishikilia kitabu badala ya mtiririko wa matukio; ukipumzika siku saba katikati, unapoteza uzi. Soma Kichwamaji kwanza, kisha Karibu Ndani, halafu Nagona kwa mkao mmoja. Haifiki kurasa 100, kwa hiyo jioni moja inatosha. Mzingile ifuate papo hapo.

Kwa Mzingile wakosoaji wana hoja nzito zaidi. Nagona inaweza kusimama peke yake. Mzingile inaegemea mno taswira za mtangulizi wake, na anayeanza nayo atadhani ameingia katikati ya mazungumzo ya watu wengine.